Rangi zilizopoa za kucha katika harusi

Rangi zilizopoa za kucha ni rangi za kupaka kucha za vidole ambazo zimefifishwa kwa kuchanganywa na nyeupe. Miongoni mwake ni waridi hafifu, pichi, zambarau hafifu, bluu bahari, kijani hafifu na krimu. Huitwa pia rangi za pasteli, kwa kufananishwa na vijiti vya wachoraji vinavyoacha rangi yenye vumbi jeupe. Katika harusi za Tanzania ni miongoni mwa rangi zinazochaguliwa na mabibi harusi, matroni na wasimamizi wa kike, kwa sababu hazishindani na gauni jeupe.

Makala hii inaeleza namna ya kuzichagua, kwa mifano ya jiji la Arusha na maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Ugumu wake uko katika ile nyeupe iliyomo ndani ya chupa: ndiyo inayoamua rangi itakavyokaa juu ya ngozi nyeusi, itakavyoonekana kwenye picha na itakavyodumu. Rangi iliyopendeza dukani inaweza kugeuka kama chokaa kwenye kidole.

Jina na asili

Rangi ya kucha huitwa pia kyuteksi, kutokana na Cutex, jina la bidhaa za Marekani zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Revlon, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilianza kwa kuuza rangi ya kucha peke yake. Ilitumia chembechembe za rangi zinazofunika ukucha badala ya rangi za kuyeyuka zinazoacha ukucha uonekane, na hapo ndipo rangi nyingi za namna mbalimbali zilipowezekana, zilizopoa zikiwemo.

Kiswahili kina majina mazuri ya rangi nzito yaliyotoka kwenye vitu, kama vile damu ya mzee. Majina ya rangi zilizopoa bado hayajatulia. Chupa ileile mmoja ataiita pinki, mwingine waridi na wa tatu rangi ya ngozi. Kwa hiyo kumwagiza mtu rangi dukani kwa jina tu huleta makosa. Chupa nyingi zina namba chini ya kitako au kwenye kifuniko, na namba hiyo ndiyo ya kuagizia, hasa ikiwa wasimamizi sita wanatakiwa kufanana na mmoja anatokea Dar es Salaam.

Mkono katika harusi

Harusi ya Kikristo mjini Arusha kwa kawaida ni mfululizo wa sherehe: kicheni pati, sherehe ya kumuaga binti inayojulikana kama sendofu, ibada ya ndoa, kisha sherehe ukumbini. Kila moja huwa na sare yake, na rangi za sare hupangwa mapema na kamati au na familia, kwa sababu vitambaa vinapaswa kununuliwa na kushonwa. Rangi ya kucha hufikiriwa mwisho, mara nyingi siku mbili kabla.

Hata hivyo mkono wa bibi harusi hupigwa picha kuliko sehemu nyingine ya mwili isipokuwa uso. Kuna kuvishana pete, kutia sahihi kwenye cheti cha ndoa, kukata keki na kulishana, kugonga glasi na kushika maua. Ukumbini huja pia ndafu, yaani mbuzi mzima aliyeokwa, desturi ya Wachaga ambayo imezoeleka pia Arusha. Hapo vidole vyeupe vya waridi hushika kisu mbele ya nyama yenye mafuta, na mpiga picha yuko karibu.

Kwa kuwa sherehe ni zaidi ya moja, si lazima rangi iwe moja. Wengi hupaka rangi kali kwa ajili ya kicheni pati au sendofu na kubaki na iliyopoa kwa siku ya ibada. Anayetaka rangi moja itakayopita katika sherehe zote hana budi kuangalia sare zote kwa pamoja. Krimu na waridi hafifu ndizo zenye uvumilivu mkubwa zaidi. Kijani hafifu ni ngumu, kwa sababu ikikutana na sare ya kijani cha aina nyingine tofauti huonekana mara moja.

Yaliyomo ndani ya chupa

Rangi ya kawaida ya kucha ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyoruka upesi, hasa etili asetati na butili asetati, pamoja na resini ya kuing'arisha, viungo vya kuilainisha isipasuke, na chembechembe za rangi. Vimiminika vikisharuka, hubaki utando mwembamba mgumu.

Weupe wa rangi zilizopoa hutokana hasa na oksidi ya titani, unga mweupe unaotumika pia katika rangi za ukutani. Unga huu hufunika vizuri, lakini ni mzito na hushuka chini ya chupa. Ndiyo sababu rangi zilizopoa huacha michirizi kuliko rangi nyekundu au nyeusi. Chupa iviringishwe kati ya viganja kwa dakika moja hivi, kwani kuitikisa kwa nguvu kunaweza kuingiza mapovu. Kisha zipakwe safu tatu nyembamba badala ya mbili nene, na kila safu iachwe ikauke kabla ya inayofuata. Safu ya chini isiyo na rangi huziba mifereji ya ukucha, na safu ya juu inayong'aa huondoa ule muonekano wa chaki.

Rangi na ngozi

Si kweli kwamba rangi zilizopoa hazifai kwa ngozi nyeusi. Kweli ni kwamba ngozi nyeusi huonyesha wazi zaidi kiasi cha nyeupe kilichomo. Rangi yenye nyeupe nyingi na rangi kidogo huonekana kama wino mweupe wa kufutia makosa ofisini. Ile yenye rangi ya kutosha ndani ya weupe wake huonekana kusudiwa. Kwa mtu mweusi sana, zambarau hafifu na bluu bahari mara nyingi hupendeza kwa sababu tofauti na ngozi ni kubwa na safi. Kwa mtu mwenye ngozi ya maji ya kunde, pichi na waridi lenye joto kidogo hukaa vizuri zaidi, ilhali waridi lenye ubaridi wa bluu linaweza kufanya vidole vionekane vya kijivu.

Njia ya kati ni rangi ya maziwa inayopitisha mwanga kidogo, ambayo huacha ukucha wa chini uonekane. Haionyeshi michirizi, na ukucha ukikua siku mbili tatu pengo la chini halionekani haraka.

Jambo lisilosemwa sana saluni ni viungo vya vidole. Mtu aliyetumia mkorogo wa kujichubua huweza kubaki na vifundo vya vidole vyeusi kuliko sehemu nyingine za mkono, na kucha zilizopoa huvuta jicho moja kwa moja pale. Rangi yenye kina zaidi huficha tofauti hiyo. Kuongeza mkorogo mwezi wa harusi hakuifichi, na krimu zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu ya madhara yake.

Pete nayo huhesabika. Tanzaniti, inayochimbwa Mererani katika wilaya ya Simanjiro na kuuzwa sana Arusha, iligunduliwa mwaka 1967 na ina rangi kati ya bluu na zambarau. Kucha za zambarau hafifu hupatana nayo mradi ziwe nyepesi kuliko jiwe kwa mbali. Zikikaribiana nalo, jiwe huonekana limefifia. Kwa anayeolewa miezi ya Oktoba au Novemba, mijakaranda ya mjini huwa imechanua, na zambarau hiyo hujirudia nyuma ya picha bila gharama. Kwa bibi harusi wa Kiarusha au Kimasai atakayevaa shanga, hali ni tofauti: shanga tayari zina nyeupe, nyekundu, bluu na machungwa, hivyo krimu au kucha zisizo na rangi hutosha.

Mwanga

Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, chini ya mlima wenye mita 4,566. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi huwa na mawingu na ubaridi, na mwanga wake una ubluu. Chini ya mwanga huo bluu bahari na kijani hafifu huelekea kijivu, na pichi huokoka. Mchana wa jua kali wa Januari au Februari kinyume chake hutokea: rangi zenye nyeupe nyingi hung'aa kupita kiasi na kupotea katika picha, hasa mkono ukiwa juu ya gauni jeupe.

Ukumbini kuna mwanga wa aina ya tatu. Taa za mapambo za zambarau, bluu na waridi hubadilisha kabisa rangi iliyopoa, kwa kuwa uso wenye nyeupe nyingi hurudisha mwanga wowote unaoangukia. Kucha za pichi chini ya taa ya bluu huwa za kijivu. Hakuna rangi inayoweza kushinda taa hizo, kwa hiyo ni busara kuchagua kwa ajili ya mwanga wa mchana na wa kanisani, ambako picha za pete hupigwa.

Kwa sababu hizo rangi haichaguliwi ndani ya duka lenye taa nyeupe wala kwa kutazama kifuniko. Hupakwa kwenye kucha mbili, safu zote tatu, kisha mkono hutazamwa nje kivulini, juani, na kwenye picha ya simu ukiwa umewekwa juu ya kipande cha kitambaa cha gauni. Jaribio hilo huchukua robo saa. Vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi, ambao hupaka kucha barazani au kibandani, kwa kawaida hukubali kujaribu rangi mbili tatu, na kwa kuwa hufanya kazi yao mwangani wateja wao mara nyingi huona rangi ilivyo kuliko walioko saluni.

Hina na rangi iliyopoa

Katika harusi za Waislamu hina ndiyo yenye heshima ya zamani zaidi. Rangi yake hutoka kwenye majani ya mhina na huingia ndani ya ukucha wenyewe, hivyo haifutiki kwa asetoni. Huondoka ukucha unapokua, na ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Aliyetia hina kwenye kucha miezi miwili kabla bado atakuwa na nusu ya ukucha yenye rangi ya machungwa. Krimu au waridi lililopoa likipakwa juu yake huacha rangi hiyo ipenye, hasa kwenye ncha. Pichi na rangi za machungwa hafifu ndizo zinazoshirikiana nayo. Bluu bahari juu ya hina hutoa kijivu kisichopendeza.

Kuna pia suala la udhu. Rangi ya kucha ni utando unaozuia maji, na wanazuoni wengi wanaona udhu hautimii utando huo ukiwepo, tofauti na hina. Zipo rangi zinazouzwa kwa madai kwamba zinapitisha maji, na maoni juu yake hayalingani. Bibi harusi anayeswali ana njia kadhaa: kubaki na hina, kupaka rangi baada ya udhu na kuifuta kabla ya udhu unaofuata, au kubandika kucha za bandia za muda mfupi kwa ajili ya picha.

Hina nyeusi inayochorwa kwa piko ni jambo jingine. Piko ni dawa ya kupaka nywele, na nyingi zina parafenilinidiamini, kemikali inayoweza kuunguza ngozi, kuacha makovu na kumfanya mtu awe na mzio wa kudumu. Malengelenge huweza kutokea siku kadhaa baada ya kuchorwa, pengine siku yenyewe ya harusi.

Mikono inayofanya kazi

Vitabu vya urembo hudhani bibi harusi amepumzika. Katika vijiji vya Wameru na Waarusha, kama vile vya kuelekea Usa River, Tengeru au Ngaramtoni, mara nyingi yeye na dada zake wanamenya ndizi wiki ileile. Utomvu wa ndizi mbichi hugeuka mweusi ukikauka na hukaa pembeni mwa kucha kwa siku kadhaa. Chini ya rangi nzito hauonekani, lakini chini ya krimu unaonekana kama uchafu. Wapishi hupaka mikono mafuta kabla ya kumenya ili utomvu usishike, na vipande vya ndimu husaidia kuuondoa. Bibi harusi angeachiwa kazi nyingine siku tatu za mwisho, ikiwa mawifi watakubali.

Manjano ni adui wa pili. Hutumika katika pilau na mchuzi, na pia katika singo na dawa nyingine za kusugua mwili wa mwali. Rangi zilizopoa hunyonya unjano wake upesi, na waridi huwa pichi bila kukusudiwa. Kwa hiyo kusugua mwili hutangulia na kucha hufuata.

Wapo pia ambao kazi zao haziruhusu kucha ndefu wala rangi: wauguzi, wapishi, wanafunzi. Kwao kucha fupi zilizopigwa tupa vizuri, zenye rangi ya maziwa, hupakwa Ijumaa na kufutwa Jumapili. Rangi zilizopoa zinafaa kucha fupi kuliko rangi kali, maana hazionyeshi mpaka wa ukucha kwa ukali.

Jeli na usalama

Rangi ya jeli haikauki kwa kuruka kwa vimiminika. Ina methakrilati na akrilati zinazoungana kuwa plastiki ngumu chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Hudumu wiki mbili hivi, ndiyo maana inapendwa na mabibi harusi wenye sherehe tatu. Rangi zilizopoa zina tatizo lake hapa pia: nyeupe iliyomo huzuia mionzi isifike chini, hivyo safu nene huganda juu na kubaki mbichi chini, kisha hubanduka.

Ubichi huo una hatari. Methakrilati zisizoganda zikigusa ngozi mara kwa mara husababisha mzio, na aliyepata mzio huo anaweza kupata shida baadaye hata kwa vifaa vya daktari wa meno vyenye kemikali za jamii hiyo. Jeli isiguse ngozi ya pembeni, na safu ziwe nyembamba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiungo kimoja cha jeli kiitwacho TPO kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Anayenunua chupa isiyo na orodha ya viungo hawezi kujua kama kimo. Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Rangi ya kawaida nayo hushika moto upesi, pamoja na asetoni. Kukausha kucha karibu na jiko la mkaa au mshumaa, jambo linalotokea Julai kwa ajili ya baridi, ni kosa la hatari.

Muda wa kupaka

Rangi ya kawaida hukauka juu kwa dakika chache, lakini utando wote huhitaji saa nyingi kuwa mgumu, na katika baridi ya Arusha zaidi. Aliyepaka saa nne usiku na kulala huamka na alama za shuka kwenye kucha. Kwa ndoa ya Jumamosi, Ijumaa mchana ndiyo wakati unaofaa. Chupa yenyewe hukabidhiwa matroni pamoja na sindano na uzi, kwa kuwa kidole kimoja huchubuka kanisani au garini, na safu moja nyembamba kwenye ncha hurekebisha. Kwa jeli, Alhamisi inatosha.

Kuondoa

Rangi ya kawaida hufutwa kwa pamba yenye asetoni. Jeli hulowekwa: pamba yenye asetoni hufungwa juu ya ukucha kwa karatasi ya alumini kwa dakika 10 hadi 15, kisha husukumwa taratibu kwa kijiti. Kuibandua kwa meno au kwa ncha ya kisu huondoa tabaka za juu za ukucha, na ukucha uliokonda hivyo huchukua miezi kadhaa kukua upya. Mwenye asetoni karibu na pete ya kuazima yenye mawe ya kubandikwa kwa gundi aivue kwanza, maana asetoni huweza kuilegeza gundi.